Ubatizo wa Mtoto wa Caritas

Risasi zilipolia upande wa Buyenzi, soko kuu la Bujumbura lilitawanyika kwa mara nyingine. Akina mama waliacha samaki wao wa ndagala juani, wauza nguo wakashusha turubai, na kijana mmoja aliyevaa shati jeupe na tai akajirusha ndani ya kibanda cha vitenge, akalala kifudifudi kati ya marobota.

"We! Unaingia kwa watu bila hodi?"

"Hodi," alisema kijana bila kuinua kichwa.

"Karibu. Ukimaliza kulala utanunua kitu."

Mwenye kibanda aliitwa Adélaïde. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito kidogo, na alifunga kitambaa cheusi kichwani kwa sababu baba yake, Mzee Aloys, aliuawa mwaka ule kwenye barabara ya kusini, gari la abiria lilipoviziwa. Ilikuwa 1996. Vitambaa vyeusi vilikuwa vingi mjini hata watu waliacha kuulizana.

Risasi zilipopungua, kijana alikaa akapangusa vumbi kwenye tai. Jina lake Darius, muuzaji katika duka la misumari na mabati. Alikuwa amekuja sokoni kutafuta nguo nyeupe.

"Pole," alisema Adélaïde kwa upole. "Umefiwa na nani?" Siku zile nguo nyeupe ilinunuliwa zaidi kwa ajili ya majeneza.

"Apana, sikufiwa. Ni nguo ya ubatizo."

"Ya mutoto? Basi meta moja inatosha."

"Ya mutu mukubwa. Mama mumoja wa Kibenga, munene kidogo. Tutamuzamisha ziwani."

"Mutu mukubwa! Alikuwa wapi siku zote?"

"Alikuwa Mukatoliki."

Adélaïde alicheka mpaka akashika meza. Hakuwa amecheka tangu msiba. "We, mi ni Mukatoliki. Baba yangu alikuwa katekista. Na bado unataka nikupunguzie bei?"

Alimpunguzia.

Baada ya wiki hiyo simu ya dukani haikupumzika, maana Adélaïde alipiga kila siku kutoka simu ya kulipia ya sokoni. Mwenye duka, Mzee Djibril, Mwislamu aliyezaliwa Buyenzi na mwenye utani usiokwisha, ndiye aliyekuwa akiinua mkono wa simu.

"Allô? Hapa tunauza misumari. Mapenzi yameisha."

"Basi nataka misumari, Mzee Djibril."

"Ya saizi gani, binti yangu?"

"Saizi ya Darius."

Djibril alikohoa kwa kicheko. "Darius! Mteja wako. Na umwambie Mormoni mwenzio laini hii ni ya biashara."

"Si Mormoni, Mzee. Mukatoliki."

"Subhanallah. Nyinyi Wakristo hata hamjamaliza kugombana wenyewe. Njoo msikitini, kijana. Pombe tutakukataza vilevile, lakini kahawa utakunywa."

Darius alichukua simu, akampa Djibril mgongo. "Allô, mukunzi, mpenzi wangu."

"Nani mukunzi wako? Mi nilipiga kuuliza misumari."

Kanisa la Darius, la Wamormoni, lenye kitabu chake kitakatifu kando ya Biblia, halikuwa na jengo. Wazungu walioleta mafundisho yale waliondoka vita ilipoanza, na wachache waliobaki walikutana Jumapili sebuleni kwa Sylvère, fundi wa redio, huko Mutanga Sud. Siku moja Adélaïde alikwenda. Alivaa kitenge cha zambarau chenye mikono mipana, akakaa karibu na kabati la vyombo, akatazama kila kitu. Hapakuwa na padri wala altare. Sylvère aliumega mkate, Darius akapitisha maji katika vikombe vidogo.

"Maji!" alisema Adélaïde wakitembea kurudi mjini. "Sheri wangu, hata divai hamukuweza kununua?"

"Tunakumbuka tu. Si lazima iwe divai."

"Sisi hatukumbuki tu. Kwetu ni Yeye mwenyewe." Alitembea kidogo. "Na kile kitabu kingine. Biblia iliwapunguka?"

"Mungu hakunyamaza, Adélaïde. Alisema na watu wengine pia. Bado anasema."

"Hapa Burundi sijamusikia. Na Baba, Mwana na Roho, ati ni watatu, kila mumoja peke yake?"

"Watatu, nia moja. Baba ana mwili. Ana mikono kama hii."

"Sisi tunasema Mungu mumoja, nafsi tatu, na akili yangu haifiki. Yako inafika?"

"Kwa ile ya kwetu, inafika."

"Basi Mungu wako mudogo."

Alisema kwa utani, lakini Darius aliharakisha hatua mpaka kwenye kizuizi cha askari. Walipovuka, Darius alisema, "Kuko kitu kimoja utakipenda. Padri anaozesha watu mpaka kufa. Kwetu, ndani ya hekalu, ndoa haikatwi na kifo."

"Hata kama mume anakoroma?"

"Hata akikoroma."

Adélaïde hakucheka. "Hiyo Mama angeipenda," alisema.

Neno hilo ndilo lililomponza Darius. Alipokaribishwa Musaga kumwona mama yake Adélaïde, alikwenda akiamini amebeba dawa.

Mama Scholastique alimpokea vizuri. Alikuwa mwanamke mwembamba, mnyamavu, mwenye rozari kwenye kifundo cha mkono. Caritas, dada mkubwa wa Adélaïde, alikuwepo pia, mjamzito, miguu imevimba, cherehani yake pembeni. Mume wake askari alikuwa kaskazini. Scholastique alileta kahawa. Ilitoka kwenye miti yake mwenyewe, kwenye kilima ambacho hakuthubutu tena kukirudia.

"Asante, Mama. Maji yatanitosha. Kahawa hatunywi."

Scholastique alikitazama kikombe, kisha akakirudisha kwenye sinia. Bado uso ulikuwa mwema. Wakazungumza juu ya Mzee, na kwamba harusi yoyote ingengoja mpaka kuganduka, siku ya kumaliza matanga. Scholastique alianza kulia bila sauti.

"Mama, usilie," alisema Darius. "Sisi tunabatizwa kwa ajili ya wafu. Hekalu liko mbali, na vita hii, lakini siku moja nitafika. Nitaingia majini kwa jina la Mzee. Hatalazimishwa. Akikubali, mutaunganishwa naye milele."

"Akubali nini?"

"Ubatizo, Mama."

Scholastique alipangusa macho. "Muzee alibatizwa akiwa mutoto mudogo. Alifundisha katekisimu mpaka nywele zikawa nyeupe. Walimukuta na rozari hii mukononi. Na we, kijana wa misumari, unaniambia yuko huko anakungoja wewe?"

"Mama, sikutaka..."

"Waliomuua walichukua saa, viatu, makaratasi. Ubatizo waliuacha. We umekuja kuuchukua."

Adélaïde alimsindikiza mpaka barabarani. Uso wake ulikuwa mgumu.

"Ilikuwa zawadi," alisema Darius. "Kubwa kuliko zote nilizo nazo."

"Najua. Ndiyo maana inauma. Kwako, baba yangu alikufa bila kitu." Akageuka. "Usinipigie. Hata simu hatuna."

Darius alipomfuata sokoni, Adélaïde alimhudumia kama mteja mwingine. "Meta ngapi?" aliuliza. Darius akaondoka na kipande cha kitenge asichokihitaji.

Vita ilipanda milimani juu ya Musaga mwanzoni mwa msimu wa mvua. Kwa usiku mzima na nusu ya siku hakuna aliyetoka nje. Uchungu ulimkamata Caritas humo humo, mapema kuliko ilivyotarajiwa, na mtoto alizaliwa wa kiume, mkamilifu, hana pumzi. Barabara ilipofunguliwa padri alifika kwa miguu. Alisali nao, akamkabidhi mtoto kwa huruma ya Mungu, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba sakramenti ni za walio hai. Kisha akaenda kwenye nyumba nyingine, maana zilikuwa nyingi.

Djibril aliinua simu dukani. "Hapa tunauza mis..."

"Mzee Djibril, leo apana. Nipe Darius."

Akampa mara moja.

"Allô?"

"Mutoto wa Caritas amekufa. Mama anakuita. Mi sijui anataka nini."

Darius alipanda Musaga kwa miguu, petroli ilikuwa haipatikani. Nyumbani alimkuta Adélaïde amevaa kitenge kilichopauka, macho mekundu, akitandika nguo ndani ya kifuniko cha mbao cha cherehani ya Caritas. Jeneza la saizi ile halikuwepo mtaa mzima. Caritas alilala chumbani, mlango wazi, ameelekea ukuta.

Scholastique alikuwa na mtoto mapajani.

"Ulisema munabatiza wafu."

"Ndiyo, Mama."

"Huyu hapa. Hakuna kanisa linalomujua. Padri amesema huruma, na mi naiamini huruma, lakini nataka maji. Mubatize. Mubatize, na Adélaïde nitakupa."

Adélaïde aliacha kutandika nguo.

Bakuli la maji lilikuwa mezani, tayari. Darius aliliangalia. Kiganja kimoja tu cha maji, na nyumba ile ingelala. Sylvère asingejua. Aliyempenda alikuwa amesimama pale akimtazama, na mlango aliofungiwa ulikuwa umefunguliwa na mtu yule yule aliyeufunga.

Akapiga magoti mbele ya Scholastique.

"Mama, siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwetu mutoto habatizwi. Hana dhambi ya kuoshwa. Hata angeishi tungengoja akue. Nikimumwagia maji nitakuwa ninasema amepotea. Hakupotea, Mama. Ameshafika. Alifika kabla sisi hatujalia."

Scholastique alimfunika mtoto vizuri mapajani.

"Muzee wangu aliyebatizwa, unataka kumubatiza tena. Huyu asiye na ubatizo, unamunyima. Hiyo ni dini gani?"

Darius alibaki magotini.

"Basi saidia kumuzika," alisema Scholastique. "Kisha uende."

Alichimba pamoja na majirani nyuma ya migomba, udongo mwekundu ukimganda kwenye suruali. Alikibeba kile kifuniko cha cherehani mwenyewe, akakishusha. Waliporudi, watu walinawa mikono mlangoni kama desturi ya msibani, kila mmoja akipewa maji kisha pombe kidogo. Darius alibaki wa mwisho. Adélaïde ndiye aliyeshika jagi.

"Ulikuwa na neno moja tu la kusema," alinong'ona akimmwagia. "Ungesema ndiyo, ningekuwa wako leo."

"Najua, mukunzi."

"Nilikuwa ninaomba useme. Na nilikuwa ninaogopa utasema." Akamimina tena. "Ungemudanganya Mama juu ya mutoto, kesho ungenidanganya mi juu ya kitu gani?"

Darius alifunga viganja.

"Niahidi kitu," alisema Adélaïde. "Baba yangu, usimuguse. Hekalu likifunguka, ukifika huko, jina la Aloys lisitoke mudomoni mwako."

Darius aliacha maji yamalize kudondoka vidoleni. Kwake haikuwa ahadi ndogo. Alikuwa anaamini kweli kwamba Mzee anangoja.

"Ninaahidi."

"Na mi? Nikikutangulia?"

"We apana. We siwezi kuahidi. Nitaingia majini kwa ajili yako hata ukinikataza."

"Na mi ukinitangulia nitakulipia misa kila mwaka, upende usipende."

"Sitaweza kukukataza."

"Huwezi." Midomo yake ilitaka kutabasamu ikashindwa. "Tukiganduka, lete wazee wako. Mama nitasema naye mi. Padri atapiga kelele, na Sylvère wako naye atapiga kelele. Waache wapige."

Scholastique alitokea mlangoni. Hakumtazama binti yake. Rozari ilikuwa imezungushwa mara nyingi kwenye vidole.

"We kijana. Caritas anauliza yale maneno."

"Yapi, Mama?"

"Ya mutoto. Ati amefika. Mi sijui kuyasema kama ulivyoyasema." Akasogea kando ya mlango. "Njoo umuambie."

Darius alivua viatu vyenye udongo, akaingia. Caritas alikuwa bado ameelekea ukuta, maziwa yamelowanisha blauzi. Darius alisimama katikati ya chumba, akamwambia polepole kwamba mtoto hakuhitaji kitu, kwamba amefika.



"Tena," alisema Caritas.

Akasema tena.

"Tena."

Scholastique akamsogezea kiti.