Vitabu Visivyo vya Mtihani

Kila Deogratias alipotoka mwaloni, kwenye mabwawa ya kuoshea dhahabu, mama yake alifunga mlango na dirisha. Ndiyo ilikuwa desturi yao, huku upande wa Runzewe. Mtu hachomi dhahabu hadharani. Wezi wana macho.

Deogratias aliweka donge la dhahabu na zebaki kwenye kikaango, juu ya jiko la mkaa. Zebaki iliondoka kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Kisha mama yake, Coletha, akabandika ugali kwenye jiko hilo hilo, na mboga akaikaanga kwenye kikaango kile kile. Coletha alikuwa mjane. Deogratias ndiye mtoto pekee aliyebaki naye.

Mwaka huu mikono ya Deogratias ilianza kutetemeka. Fizi zilivimba. Alisahau mambo, akawa na hasira za ghafla. Chai ilimmwagikia kifuani kabla haijafika mdomoni.

"Kaka, ngoma gani hiyo unacheza, mbona mpigaji hatumwoni?" rafiki yake Luka alimtania.

Baadaye Luka hakucheka tena. Alimpeleka kwa mganga. Mganga akasema, "Anayekula mikono yako ni jirani. Ni bibi mwenye macho mekundu."

Jirani mwenye macho mekundu alikuwa Bibi Paskazia. Alipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, katika jiko lisilo na dirisha. Moshi ulimchoma macho tangu ujana wake.

Siku chache baadaye Coletha aliona panga jipya uvunguni mwa kitanda cha Deogratias, limeviringishwa kwenye gunia. Maneno ya mganga alikuwa ameyasikia; alijua panga hilo linamngoja nani. Alisali rozari yake, kisha akaenda kwa Asteria.

Asteria alikuwa muuguzi mstaafu. Alitunza kabati la vitabu la parokia.

"Dada, niombee mwanangu," Coletha alisema. "Mikono inatetemeka, na moyo wake umeharibika. Mganga amemtajia Bibi Paskazia, na sasa ameficha panga."

"Nitaomba. Lakini kwanza niambie, zebaki anachomea wapi?"

"Ndani. Tunafunga kila kitu."

Asteria alishika kichwa. "Mnafunga! Mama Deo, mnakula sumu wote." Alifungua kabati, akatoa kitabu cha afya chenye picha. Akatoa na kingine, chembamba. "Chukua hivi viwili."

"Vitabu vya nini? Mimi mtihani wangu wa mwisho ulikuwa darasa la saba. Nasoma sala tu."

"Hakuna atakayekusahihisha. Hiki cha afya kitakueleza mwili. Hiki ni riwaya. Kijana mgonjwa anamuua shangazi yake kwa maneno ya mganga."

"Hadithi? Si ni uongo huo? Uongo ni dhambi, dada."

"Padre akitoa mfano wa mtu fulani kanisani, huwa unamuuliza mtu huyo anakaa kitongoji gani?"

Coletha alikipokea kile kitabu chembamba.

"Basi. Hadithi inakuingiza ndani ya mtu mwingine. Umeona rafu ile ya juu? Ni mashairi. Nilipofiwa na mume wangu sikuweza hata kulia, mpaka niliposoma shairi moja pale. Vya historia vipo, vya ufugaji wa kuku vipo. Kila kitabu kina kazi yake. Leo wewe unavihitaji hivi."

Mchana huo Coletha alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Deogratias alikuwa amelala kwenye mkeka.

"Mvuke wa zebaki hauonekani. Anayeuvuta hutetemeka mikono. Fizi huvimba. Husahau, na huwa na hasira."

"Kitabu hakijui uchawi," Deogratias alisema. "Mbona Charles wa mwaloni hatetemeki?"

"Charles anachomea wapi?"

"Nje." Alijigeuza mkekani. "Lakini mganga alimtaja Bibi."

Coletha alifungua riwaya. Alisoma polepole, akikwama na kurudi. Kijana wa kwenye hadithi aliingia jikoni kwa shangazi yake. Shangazi hakupiga kelele. Alimwita kwa jina la utotoni, akamwambia asogee, asiungue moto.

"Rudia hapo," Deogratias alisema.

Coletha alirudia.

"Baada ya kumuua, alipona?"

Coletha alifunua kurasa za mwisho. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Hakupona, mwanangu. Ugonjwa uliendelea vile vile."

Deogratias alikaa, akajifunika uso. "Luka atakuja Jumapili, watu wakiwa misani, twende kwa Bibi. Mwambie sipo."

"Usipokuwepo, Luka ataenda peke yake. Simama twende kwa mwenyekiti wa kitongoji."

Walikwenda na lile panga, na Deogratias akaeleza mpango wote. Mwenyekiti aliita polisi, na Luka akakamatwa. Bibi Paskazia alihamia kwa Asteria mpaka hali itulie.

Hospitali ya wilaya ilipeleka mkojo wa Deogratias na wa mama yake kupimwa kwenye maabara kubwa. Zebaki ilikuwamo kwa wote wawili. Daktari alisema, "Dawa ya kwanza ni kuacha kuuvuta mvuke. Msichomee ndani kamwe. Wajawazito na watoto wakae mbali kabisa. Na kikaango mlichochomea msikipikie tena." Waosha dhahabu wa mwaloni walinunua kwa pamoja chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, kinachonasa mvuke wa zebaki. Deogratias aliacha kuchoma. Sasa anaosha mchanga tu. Mikono imetulia, ingawa mkono wa kushoto bado unatikisika.

Bibi aliporudi nyumbani, Deogratias na mama yake walikwenda kumwomba radhi. Deogratias alipiga magoti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Bibi alimtazama usoni. "Ulipokuwa mdogo ulikuja hapa kila siku kula michembe yangu ya viazi. Macho yangu yalikuwa mekundu hivi hivi. Hukuniogopa."



Kesho yake Deogratias alikuja na sururu, akatoboa dirisha kwenye jiko la Bibi. Moshi ulianza kutoka. Coletha alimshukuru Mungu, akasogea kumletea Bibi kigoda.

Bibi alikikataa. Alisimama mbali, uani, na macho yake hayakubanduka kwenye ile sururu mkononi mwa Deogratias.