Doriane na Ruta ya Gemu

Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza, Doriane aliosha vyombo, akaanika nepi za mtoto, kisha akakaa kucheza gemu ya mpira. Aliishi Nyamityobora, mjini Mbarara, kwa mjomba wake Astère, fundi wa intaneti, ili asome huko. Bibi Gaudiose, aliyemlea tangu utotoni, alibaki katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

Nyumba ya mjomba ilikuwa na intaneti ya faiba. Waya ulitoka kwenye kisanduku cha ukutani ukaingia kwenye ruta ya sebuleni, nayo ikapeleka intaneti kwa visanduku viwili vidogo, kimoja chumbani, kingine jikoni. Wiki moja mteja mmoja alimpa mjomba ruta ya gemu. Ilikuwa na antena nane, utadhani buibui aliyelala chali.

"Tutaifunga pamoja nikirudi kutoka Kakiika," mjomba alisema Jumapili asubuhi. "Usiiguse, mama."

"Sawa, Tonton," Doriane alijibu; ndivyo alivyomwita mjomba wake.

Sawa hiyo haikumaliza nusu saa. Doriane alichomoa waya wa faiba kwenye ruta ya sebuleni, akauchomeka kwenye ile mpya. Lo, gemu ilikimbia! Alifunga mabao matatu, nepi akazisahau ndani ya beseni. Hakujua kwamba taa za visanduku vingine zimegeuka nyekundu.

Saa tano Bibi alikuwa apige simu ya video. Katika ukoo ule yeye ndiye aliyewapa watoto majina, na mtoto mchanga wa Tantine Pulchérie, mke wa mjomba, alikuwa amesubiri wiki nzima akiitwa Kadogo tu. Bibi alitembea mpaka dukani Base Camp, palepale kambini, kwa jirani mwenye simu nzuri, ili amwone mtoto usoni kwanza.

"Mbona simu hailii?" Tantine aliuliza kutoka chumbani. "Na intaneti imekufa! Salio nalo sina."

Doriane alishtuka. Haraka haraka akaifungia ruta mpya kwenye boksi lake na kurudisha waya. Kwa pupa akauchomeka kwenye tundu lisilo lake. Taa zikabaki nyekundu, naye akaenda kuanika nepi.

Mjomba alirudi karibu saa sita. "Wachimba barabara wamekata waya tena," alisema alipoona taa. "Mafundi wa kampuni watakuja kesho, na mimi pia sina salio."

"Kesho? Na Bibi amekaa pale juani?" Tantine alifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Doriane alimpenda sana bibi yake, akamsogelea mjomba. "Tonton, hawajakata waya. Ni mimi. Niliifunga ruta ya gemu, kisha nikaificha."

Mjomba akahamishia waya mahali pake. Wakisubiri taa ziwake kijani, aliitoa ruta ya gemu kwenye boksi. "Njoo uone. Ile ya sebuleni ndiyo mkubwa wa nyumba. Hii tunaiunga chini yake kwa waya mfupi, na tunaipanga isambaze intaneti tu. Zikitawala zote mbili, zitagombana."

Mara simu ikalia. Bibi alionekana, macho mekundu.

"Nimekaa hapa saa nzima," alisema. "Nikawaza, wamezoea mji, wamenisahau."

Mjomba alimkabidhi Doriane simu. "Mwambie wewe."

Doriane alieleza yote, hata mabao matatu. Bibi alisikiliza, kisha akacheka mpaka mwenye duka naye akacheka.

"Kumbe ni hivyo! Mjukuu wangu, waya umerudishwa mara moja. Lakini hayo mawazo yaliyoniumiza, ni wewe tu uliyeweza kuyatoa. Siku nyingine ukikosea, sema upesi. Wakati wewe unaficha, kuna mtu anaumia na hajui sababu. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe zamani. Sasa mlete huyo mtoto, nimwone."

Doriane alimwinua mtoto mbele ya simu. Bibi alimwangalia kwa muda mrefu, akatabasamu.

"Anaitwa Ishema," alisema. "Ni fahari yetu."