Mshipa Mmoja Badala ya Miwili

Mshonaji alikuwa na sketi za shule za kumaliza, lakini cherehani ilikuwa imenyamaza. Mwanawe mchanga alikuwa ameacha kunyonya tena. Kila akishika ziwa alihema mbiombio, akalowa jasho kichwani, kisha akaliachia.

"Ulikanyaga cherehani mimba nzima," alisema mama mkwe wake akikunja nepi. "Moyo wa mtoto ungetulia wapi?"

Mshonaji alimhamishia mtoto ziwa la pili.

Jirani yao, muuguzi wa zahanati, alikuja kuchukua gauni lake. Alimtazama mtoto, akamfunua kifua. Mbavu zilibonyea kwa kila pumzi. Ulimi ulikuwa na rangi ya bluu.

"Shoga, huyu si wa kungoja kesho," alisema. "Mtoto akitoka jasho akinyonya, moyo wake upimwe."

Wanawake wote watatu wakampeleka mtoto hospitali. Daktari alipiga picha ya moyo, akawageuzia kioo cha mashine waone.

"Moyo huanza kama mrija," alisema. "Mrija hujikunja, ukagawanyika vyumba. Juu yake pana mshipa mmoja mkubwa, ambao hugawanyika miwili: mmoja wa mapafu, mwingine wa mwili. Wa huyu haukugawanyika, na chini yake pana tundu. Damu inachanganyika, na nyingi mno inakwenda mapafuni. Ni hali ya nadra."

"Ni cherehani, daktari?" Mshonaji hakuthubutu kumtazama mama mkwe.

"Hapana, mama. Moyo huumbika kabla mimba haijatimiza miezi miwili. Wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Sababu mara nyingi hatuijui, lakini si kushona, wala jicho la mtu."

"Atapona?"

"Dawa zitampunguzia kuhema, ila mshipa hautajigawa tena. Anahitaji upasuaji mapema, na akikua huenda akahitaji mwingine. Mimba ijayo, wahi kliniki. Moyo wa mtoto hupimwa angali tumboni."

Walipotoka, mama mkwe alisimama kando ya ukuta.

"Mwanangu, nilisema nisilolijua, na wewe ukalibeba."

Hapo ndipo mshonaji alipolia.

Siku ya upasuaji madaktari waliziba tundu, wakaweka mrija mpya wa kupeleka damu mapafuni. Kovu likapona, mtoto akaanza kunyonya mpaka akashiba.

Siku hizi bibi huongozana nao kliniki ya moyo. Akimwona mama mgeni ameinamia mtoto wake, husogea karibu, akamweleza habari za mrija na mshipa. Kisha humshika mkono.

"Si wewe, mwanangu," humwambia. "Si wewe."