Mikanda ya Lori Ilibaki Matangani

Nina umri wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto watatu, na ninaishi Tongaren katika boma la wakwe zangu. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Nasema alikuwa, ingawa yu hai. Ameketi hapo nje kwenye jua, anapukuchua mahindi. Msomaji mwenzangu, hilo ndilo linaloniuma hadi leo... kumbe mtu anaweza kubaki hai na bado ukamwombolea!

Lori letu ni lile la mgongo wazi, lisilo na kuta wala paa. Mzigo hukaa juu yake kama mgeni aliyeketi kwenye benchi bovu. Usipomshikilia, kona ya kwanza atakuwa chini. Baba Nafula, mume wangu, alilijua hilo vizuri. Alikuwa na mikanda mipana yenye vyuma vya kukazia, minyororo na turubai zito la mvua. Alikuwa pia na vipande vya tairi kuukuu alivyovikata kwa mkono wake mwenyewe, na akaviita viatu. Kila mkanda ulipopita kwenye ukingo mkali wa mzigo, aliuvalisha kiatu usije ukakatwa.

Mkanda bila viatu hauendi safari, alizoea kuniambia, nami nikimcheka. Nilipenda kumwona pale juu, akiupiga mkanda kofi na kutega sikio kusikia unavyolia. Ukilia kwa sauti nzito, aliukaza tena. Ukilia sauti nyembamba, alitabasamu na kushuka.

Kisha baba mdogo wa mume wangu akafariki.

Shemeji yangu Simiyu, kaka mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyesimamia matanga. Hema la kukodi halikuwatosha watu. Nilipoamka kwenda kukamua, nililikuta lori likiwa uchi! Turubai letu lilikuwa limetandazwa juu ya waombolezaji, limefungwa kwa mikanda yetu kutoka mti wa parachichi hadi nguzo za zizi. Viatu vya tairi vilikuwa chini ya miguu ya viti, viti visizame kwenye matope.

Hakuna aliyetuomba. Sikulalamika. Kwenye msiba unachukua sufuria ya jirani, kuni za jirani, hata mlango wa jirani ukihitajika. Marehemu alikuwa wetu sote.

Tulizika. Wageni wakaanza kupungua. Ndipo kazi ikaingia: kubeba mabati marefu kutoka Kitale hadi Bungoma, ya kanisa lililokuwa likijengwa. Siku ya kunyolewa wafiwa, inayofunga matanga, ilikuwa haijafika, na hema lilikuwa bado limesimama. Baba Nafula akaenda kwa kaka yake kuomba mikanda.

Alirudi mikono mitupu...

Alinieleza akiwa ameinamisha uso. Simiyu alikuwa ameketi na wanaume, wanakunywa chai. Alimjibu kwamba hema la matanga halifunguliwi kabla ya watu kunyolewa, kwani kulifungua ni kuwaambia waombolezaji waende kwao. Mume wangu akamwambia hataki hema lishuke, anataka mikanda tu, na pale pale atafunga kamba badala yake. Kaka mtu akageukia wale wanaume.

"Mkanda ni wa suruali, bana," akasema. "Ama ni bibi amekutuma?"

Wakacheka wote. Kicheko hicho ndicho kilichomshinda mume wangu! Mtu aliyeshuka na lori ile miteremko ya Kapsokwony kwenye utelezi bila kutetereka, alishindwa na kicheko cha watu wanaokunywa chai.

Nilimkuta zizini akikusanya kamba za katani. Nilikasirika. Nilimfuata hadi kwenye lori.

"Baba Nafula, hizo ni kamba za ng'ombe," nikamwambia. "Mabati yatazila kabla hujafika Webuye."

Akazitupa juu ya lori bila kunitazama. "Unataka niitwe mtu aliyevunja matanga ya baba yake mdogo?"

Nilimsihi awapigie watu wa kanisa simu wangoje. Akasema mafundi wako tayari juu ya paa na mvua inakaribia. Nilimwambia anunue mikanda mingine huko Kitale. Akasema ataonekana mjinga, kununua kitu ambacho kinaning'inia kwao nyumbani. Kila neno langu lilikuwa na jibu... na hakuna jibu hata moja lililohusu mzigo! Yote yalihusu watu watasema nini.

Akaahidi ataendesha polepole. Kweli, aliendesha polepole.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Alipopita Kamukuywa alisimamisha gari pembeni kukagua mzigo. Hiyo ni kanuni ya kazi yao: ukishatembea kidogo unashuka, unaangalia, unakaza, kwa sababu mzigo hujilaza na kamba hulegea. Kati ya kanuni zake zote, hiyo ndiyo pekee aliyobaki nayo siku hiyo. Kingo za mabati zilikuwa zimezisaga kamba njia nzima. Iliyobaki ilikuwa imeshikilia kwa nyuzi tu, na lori limeinama upande wa mtaro, upande aliosimama yeye. Aligusa fundo. Rundo zima likateleza, likamwangukia mguu.

Mwanamke aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma ndiye aliyemfunga mguu kwa leso yake. Mungu amzidishie! Hospitalini waliuokoa uhai wake. Mguu hawakuweza. Ulikatwa chini ya goti.

Nilidhani hapo ndipo maumivu yangu yangefika mwisho. Lo!

Nilianza kusikia maneno kisimani, kisha kanisani. Ati mimi ndiye niliyemtamkia mume wangu mabaya. Ati nilisimama mbele ya safari nikasema mabati yatamla. Mke gani anatamka hivyo mumewe akiondoka? Nilijiuliza: basi nikiona shimo nisiseme kwamba kuna shimo?

Baba Nafula alipotoka hospitali, ukoo ukakaa kikao nyumbani kwetu. Nilifurahi! Nilipika chai, nikijua mume wangu atasema ukweli na jina langu litasafishwa. Mzee wa ukoo akamuuliza waziwazi kama ni kweli aliomba mikanda akanyimwa.

Simiyu alikuwa ameketi karibu na mume wangu, amemshikia magongo yake.

Mume wangu akatazama sakafu. "Sikuomba," akasema. "Nilisahau."

Nilisahau! Msomaji, nilikuwa nimeshika birika. Sikumbuki nililiweka wapi. Nakumbuka tu Simiyu akishusha pumzi, na wanawake wakinigeukia mmoja baada ya mwingine.

Walipoondoka nilimuuliza kwa nini amenifanyia hivyo. Hakukasirika. Alinijibu kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko matusi.

"Mama Nafula, mguu umeshaenda. Na ndugu naye aende?"

Basi mimi ndiye niliyepaswa kwenda? Mimi niliyelala kwenye sakafu ya wodi, niliyemfundisha kutembea upya kama mtoto? Ninampikia, ninamwogesha mgongo, tunacheka wakati mwingine. Lakini kuna mahali ndani yangu ambapo haingii tena.

Lori sasa linaendeshwa na dereva wa kuajiriwa, kijana wa Endebess. Mikanda, minyororo, turubai na viatu nimevifungia kwenye sanduku la chuma, na ufunguo uko shingoni mwangu. Kabla hajaondoka ninamtolea, kisha ninapanda juu mwenyewe, ninapitisha mkono kwenye kila ukingo. Juzi Simiyu alikuja kuomba turubai kwa sherehe ya mtoto wake. Nikamwambia hapana. Akasema nyumba yetu imekuwa baridi.

Wenzangu mlio na magari, nawasihi... vifaa vya kulinda mzigo si vyombo vya boma! Mkiviazimisha leo, kesho mtaona haya kuvidai, na haya hiyo itapanda lori pamoja na dereva wenu. Na wewe dereva, ukinyimwa mkanda, zima gari. Wacha wakucheke. Ukishaumia, usimtwike mkeo uongo ili kaka yako alale vizuri.

Wanasema nina roho ngumu, nimewagawa ndugu. Waseme. Kila jioni nasikia lori likikata kona ya kuingia nyumbani, natoka nje kuangalia, na dereva wangu anashuka kwa miguu yake miwili.