Alikuja Kutugawia Chokoleti za Makala Yangu

Mlango wa idara yetu chuoni ulifunguliwa bila hodi.

Akaingia kaka nisiyemjua, suti mpya, boksi la chokoleti mkononi, anacheka peke yake!

"Chukueni, chukueni! Makala yangu ya kwanza imetoka!"

Hapa Plovdiv, Bulgaria, ukipata jambo la heri, wewe ndiye unayewalisha wenzako kazini. Nikachukua moja, nikampongeza.

"Inahusu nini, kaka?"

"Manesi. Kwa nini wanaficha makosa yao kazini."

Chokoleti ikanigandia mdomoni...

Jamani, hiyo ilikuwa kazi YANGU!

Majira mawili ya baridi nilikaa na manesi wa hospitali moja, zamu zikiisha, nikiwarekodi. Walilia. Walinieleza dawa walizokosea, na jinsi walivyonyamaza kwa kumwogopa matroni wao. Niliandika yote, nikampa Profesa Kutsarova asome.

Huyo mama amejenga jina lake lote kwa kuandika kuhusu uaminifu kati ya mabosi na wafanyakazi. Alinipokea nikiwa sina mtu mjini. Pasaka nilikula kwake, nikagonganisha mayai mekundu na wanawe wadogo, kama desturi ya huku.

Nikakimbilia ofisini kwake.

"Profesa, kuna mtu amechukua makala yangu!"

Hakuinua hata macho.

"Lachezar ni mkwe wangu, Ralitsa. Anahitaji cheo, mkewe ana mimba. Wewe bado mdogo, utaandika nyingine."

"Lakini ni yangu, mama..."

Sijui lile neno "mama" lilinitokaje.

"Hapa mimi ni Profesa," akasema taratibu. "Funga mlango ukitoka."

Nililia chooni mpaka mfanya usafi akagonga.

"We binti, umefiwa?"

"Ndiyo," nikajibu.

Nilijikaza, nikaenda kushtaki kwa mkuu wa kitivo. Najua mtaniuliza, rasimu je? Zilikuwa kwenye kompyuta ya idara, na Profesa alishamwambia mkuu kwamba mimi nilikuwa namchapia Lachezar tu!

"Huna kitu kingine?" mkuu akauliza.

"Nina sauti za manesi. Ninayeuliza maswali ni mimi."

Akapiga meza.

"Si ungesema mapema! Hapo umeshinda, binti. Kesho zilete, tuzisikilize sote. Na matroni wa ile hospitali nitamwita, maana utafiti ulifanyika kwake."

Matroni...?

Nilikuwa bado nashuka ngazi, simu ikaita. Mama Stanka, nesi mkongwe kuliko wote, amebakiza kidogo tu astaafu.

"Ralitsa mwanangu! Makala imetoka! Hongera wee!"

Hakujua. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

"Asante, mama. Umesikia wapi?"

"Kwa matroni mwenyewe! Anazunguka wodini kama kuku anayetafuta pa kutagia, eti nani alifungua mdomo. Mimi nikamwambia, bibi, mdomo wangu naufungua kwa supu tu."

Akacheka. Kisha akashusha sauti.

"Ila wenzangu hawalali. Ulituahidi makala ikitoka tu, sauti zetu unazifuta. Si umeshazifuta?"

Nikaliangalia begi langu, mlimokuwa na kompyuta yenye sauti zao...

"Mwanangu? Upo?"

Zilikuwa ushahidi wangu pekee. Nikizifuta, makala inabaki ya Lachezar milele, na mimi naitwa mwongo niliyemchafua mlezi wangu. Nafasi yangu ya kusomea shahada ya uzamivu, kwaheri.

Nikatafuta pa kuchomokea. Nikajiambia, ahadi ilikuwa ya makala yangu, na hii ina jina la mtu mwingine!

Lakini manesi hawakuniambia siri zao ili nipate jina. Waliniambia kwa sababu waliniamini.

Wapendwa mnaonisoma, mtu anaweza kuandika kuhusu uaminifu maisha yake yote na asiwe nao. Utamjua siku uaminifu utakapomdai kitu anachokipenda. Mimi siku yangu ilinikuta pale, kwenye ngazi.

"Nipo, mama. Usikate simu."

Nikakaa chini. Nikatoa kompyuta kwenye begi, simu nimeibana kwa bega. Nikafuta sauti moja baada ya nyingine, machozi yakidondokea vidole. Ya Mama Stanka ikawa ya mwisho. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika.

Nikabonyeza.

"Zimefutika, mama. Zote. Waambie wenzako walale."