Damu Isiyoganda

Polycarpe na mkewe Généreuse walilima maharagwe na muhogo kwenye kilima karibu na Kitshanga. Léontine, mdogo wake Généreuse, aliishi nao. Alipika, alichota maji na kuwalea wavulana wao wawili, Athanase na Edmond.

Mwaka 1963, Athanase aling'olewa jino. Damu ikatoka, ikakataa kuganda. Mtoto akafa. Asubuhi ile Léontine ndiye aliyempa uji. Polycarpe akasema amemtilia sumu, akamfukuza. Généreuse alijua mdogo wake hana kosa. Alinyamaza. Léontine akaenda Kashebere, akaolewa huko.

Baada ya miaka miwili, Edmond alianguka. Goti likavimba kama boga. Wazazi wakambeba hadi hospitali.

Muuguzi aliitwa Mama Adelaïde. Aliuliza kama upande wa mama kuna mwanaume aliyewahi kutokwa damu nyingi. Généreuse alikumbuka kaka yake. Kaka huyo alijikata kidogo kwa panga, akatokwa damu hadi akafa.

"Haiko sumu," Adelaïde akasema. "Iko ugonjwa wa damu. Mutoto anazaliwa nayo."

Polycarpe akainamisha kichwa.

Adelaïde aliwaonyesha inzi wadogo juu ya ndizi mbivu. Wataalamu huwafuga hao, akaeleza, ili kujua watoto watafanana na nani. Inzi jike mwenye macho mekundu anaweza kubeba weupe wa macho uliojificha. Akipandwa na dume wa macho mekundu, majike wote huzaliwa na macho mekundu. Lakini karibu nusu ya madume huwa na macho meupe.

"Kwa batu njo vile vile," akasema. "Mama iko na mbegu mbili za kurithisha, zinaitwa X. Baba iko na X moja na Y moja. Mutoto mwanaume anapata X kwa mama tu. Kama ile X iko mubaya, atagonjwa. Mutoto mwanamuke anapata X ingine nzuri kwa baba. Hagonjwi, lakini anaweza kuibeba."

"Na mudogo yangu Léontine?" Généreuse akauliza.

"Anaweza kuibeba, ye pia. Mumuambie mbio."

Kesho yake Polycarpe alishika njia ya Kashebere. Alimkuta Léontine anamenya muhogo, ana mimba. Akamwomba msamaha, akamweleza yote. Léontine hakuacha kumenya.

"Mutoto yangu wa kwanza alitahiriwa kiangazi iliyopita," akasema. "Damu ilimumaliza. Hapa pia walitafuta mulozi."

Polycarpe alikaa chini, akalia mbele ya shemeji yake.

Léontine alijifungulia hospitali, akapata mvulana. Aliwaeleza wauguzi ugonjwa wa ukoo wao. Mtoto hakutahiriwa. Alipoanza kutambaa, alipata mavimbe, na wote wakajua naye anao. Akijikwaruza, mama hukandamiza kidonda kwa kitambaa safi na kumpeleka hospitali bila kungoja. Edmond naye hatunzwi tofauti. Wavulana wote wawili wako hai.

Généreuse humtembelea mdogo wake, na wanakula pamoja. Lakini Léontine hajakanyaga tena kilima cha Kitshanga. Watu wakimuuliza ni nani aliyewaletea habari ya ugonjwa huo, hujibu kwa sauti ya chini:

"Ni shemeji yangu. Alikuja kutuambia. Alichelewa tu."