Benchi la Nyuma

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya matimbo ya mawe ya Mwakirunge, Kanze aliwapanga wanafunzi kwenye tuktuk ya baba yake. Watatu walikaa ndani, watatu nyuma. Yeye, kwa kuwa alikuwa gredi ya sita, alikaa ndani pamoja na wakubwa wenzake. Mdogo wake Fondo, mwenye miaka saba, alikaa nyuma na wadogo wengine wawili, kwenye benchi la chuma lililotazama barabara waliyokuwa wakiiacha. Fondo alilipenda benchi lile kupita kiasi. Aliwapungia mkono madereva wote wa malori, na dereva asiyemjibu alisemwa mpaka shuleni.

Benchi hilo halikuja na tuktuk kutoka dukani. Baba yao, Katana, alimwomba fundi Tinga amtengenezee, na Tinga akachomelea kiti na miguu yake, kisha wakaifunga miguu hiyo nyuma ya tuktuk kwa bolti nne. Tuktuk iliyosajiliwa kubeba abiria watatu ikawa inabeba sita. Wazazi walifurahi kwa kuwa watoto wote walifika shuleni kwa safari moja, wala hakuna aliyeuliza swali.

Mara moja tu kwa mwaka benchi lilishushwa. Jioni ya kuamkia siku ya ukaguzi wa magari, Katana alilifungua, akalificha nyuma ya banda la mbuzi na kulifunika makuti. Kanze alikabidhiwa zile bolti nne azitunze ndani ya kopo. Asubuhi tuktuk ilioshwa ikang'aa, ikaenda kituoni, ikapita. "Siku ya ukaguzi tuktuk nayo huvaa nguo za kanisani," Katana alipenda kusema, na nyumba nzima ilicheka. Kesho yake benchi lilirudi mahali pake. Wenye tuktuk wengi mtaani walifanya vivyo hivyo, na wengine hata waliazimana magurudumu mazuri kwa siku hiyo moja.

Mwaka huu mambo yalikwenda mrama kwa sababu ya ndoo. Ndoo yao ya plastiki ilikuwa nyepesi, ikawa inaelea kisimani badala ya kuzama na kujaa. Kanze akachukua bolti moja kwenye kopo, akaifunga ukingoni mwa ndoo ili iipe uzito. Ndoo ilizama vizuri mara mbili. Mara ya tatu ilitoka imejaa maji, lakini bolti haikutoka.

Kanze alichungulia kisimani mpaka shingo ikamuuma. Angeweza kumwendea baba yake saa ile ile na kumwambia. Badala yake alikwenda kwenye karakana ya Tinga, akaokota bolti nyingine katika lundo la vyuma chakavu. Urefu ulikuwa ule ule, ila ilikuwa nyembamba kidogo, kwa hiyo akaizungushia ukanda wa mpira wa tyubu ili ibane. Katana alilifunga benchi alfajiri, wanafunzi wakiwa tayari wanasubiri. Alikaza bila kutazama sana, akawasha injini.

Kwa siku mbili, kila tuktuk ilipoingia shimoni, Kanze alisikia chuma kikigonga chuma. Alijiambia kuwa ni mlio wa kawaida. Mficha maradhi, kilio humfichua, na methali hiyo aliijua sana kwa sababu aliwahi kuiandikia insha akapata alama nzuri.

Alasiri ya siku ya tatu, wakirudi nyumbani, walianza kupanda kilima cha matimbo. Lori la mawe liliwafuata kwa karibu. Kanze aligeuka, akaona benchi limelala upande wa Fondo. Fondo mwenyewe alikuwa anampungia dereva wa lori, mkono mmoja tu ukiwa umeshika chuma. Kanze aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Baba, simamisha."

"Ngoja tufike juu."

"Simama, baba, benchi litang'oka. Bolti moja si yake. Ile niliipoteza, nikakutilia nyingine."

Katana alitoka barabarani pale pale. Lori liliwapita likiwatimulia vumbi. Aliwateremsha wadogo mmoja mmoja, kisha akainama chini ya benchi, akalipapasa mguu kwa mguu. Kanze alisubiri kupigwa, au angalau kukemewa.

"Kanze."

"Abee, baba."

"Njoo utazame."

Bolti nyembamba ilikuwa imepinda. Lakini kidole cha baba yake hakikuwa kwenye bolti. Kilikuwa kwenye mguu wa benchi, pale alipochomelea Tinga, penye ufa ulioanza kuzunguka chuma, na ndani ya ufa mlikuwa na kutu. Kutu haiingii kwa siku tatu. Ufa ule ulikuwapo kitambo, na hakuna mkaguzi aliyepata kuuona, maana benchi lilikuwa nyuma ya banda la mbuzi.

"Bolti ni kosa lako," Katana alisema taratibu. "Benchi ni kosa langu. Wewe lako umelisema. Mimi langu nimelificha miaka mitatu."

Alilifungua benchi, akawafikisha watoto kwao kwa safari mbili. Jioni alipita nyumba hadi nyumba akiwaeleza wazazi yaliyotokea.

Shule zilipofungwa kwa likizo fupi ya katikati ya muhula, Katana alilipakia benchi ndani ya tuktuk kama mzigo, akaenda na Kanze mpaka kituo cha ukaguzi. Tuktuk ile ndiyo iliyowalisha, na alihofu kunyang'anywa leseni. Walipokelewa na mkaguzi, mama wa bara aliyeitwa Bi Emmaculate. Kanze alimwamkia shikamoo, na baba yake akasimulia yote bila kupunguza neno.

Bi Emmaculate aliingia chini ya tuktuk na tochi. Alitoka akasema matundu ya bolti yameanza kuchana bodi, na kwamba tuktuk isibebe abiria mpaka itengenezwe na kurudishwa kukaguliwa upya.

"Kubadilisha gari hakujakatazwa," aliwaambia. "Unaleta ombi kwanza, pamoja na mchoro. Kazi inafanywa na karakana inayotambulika, sisi tunaikagua, halafu badiliko linaandikwa kwenye kitabu cha usajili. Lakini hili la kuning'iniza watoto nyuma, hata ungeomba ningekataa. Uzito wote ukikaa nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi mlimani, na usukani haushiki."

Kwa siku tisa tuktuk ilikaa bila kazi, na mihogo aliyochoma mama yao kando ya barabara ndiyo iliyowalisha. Tuktuk ilipotengenezwa na kurudi kituoni, ilikwenda na nguo zake za kila siku, ikapita. Tangu hapo Katana hufanya safari mbili, na ya kwanza huondoka kukiwa bado na giza. Mzazi mmoja alinung'unika, akamhamishia mwanawe kwenye tuktuk nyingine yenye benchi. Katana alikwenda kumsihi mara mbili, lakini hakurudisha benchi.

Lile benchi Tinga alilichomelea upya, wakalifunga kwenye magogo mawili yaliyozikwa ardhini pale watoto wanapopandia tuktuk, ili wanafunzi wa safari ya pili wapate pa kukaa. Fondo alikuwa wa kwanza kulikalia, hata kabla bolti ya mwisho haijafungwa, akaanza kuwapungia madereva wake. Katana aliwatazama watoto wote, akasema, "Nilidhani ukaguzi ni wa kumridhisha mkaguzi. Kumbe kile unachokificha siku hiyo ndicho hasa kilichohitaji kukaguliwa. Na ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."

Kanze alitia bolti ya nne, mpya, ya kipimo chake, akaikaza kwa spana mpaka mikono ikamuuma. Kisha akamwita baba yake aje aikague.